Kizibo cha Tahadhari

Jinsi nilivyofika katika nchi ya Umbo si jambo la kumchosha msomaji. Nilifika, nikakaa zaidi ya nilivyokusudia, nikaondoka na majonzi ambayo mpaka leo sijui pa kuyaweka. Watu wa kwetu wakiniuliza habari za huko huwaambia ni nchi nzuri yenye watu wakarimu, na sisemi uongo. Haya mengine nayaandika kwa sababu yalimpata mtu aliyenipa malazi.

Umbo haina barabara. Ina mifereji, na ndani ya mifereji hupita maji mekundu yenye uvuguvugu, yanayobeba kila kitu: chakula, joto, habari, takataka, hata posa. Katikati ya nchi iko Nyumba ya Mapigo, ambako wasukumaji huyasukuma maji kwa zamu zisizokatika. Mdundo wao husikika kila mahali, mpaka mgeni husahau kwamba anausikia. Maji huenda mikoani yakiwa mekundu ya kung'aa. Yakirudi huwa yamechoka, yamepiga weusi. Kabla ya kutumwa tena hupitishwa mkoa wa Pumzi, ambako upepo hauishi na kazi ya wenyeji ni kuyapepea maji mpaka yachangamke. Mkoa wa juu kabisa unaitwa Utosi. Huko ndiko liliko Baraza Kuu, na panapotokea uhaba Utosi ndio wa mwisho kuuona.

Watu wa Umbo wanaogopa kuvuja kuliko wanavyoogopa kifo chenyewe. Ukuta wa mfereji ukipasuka, hutokea kikosi kiitwacho Waziba. Hawa hukimbia na kujitupa penye tundu, wakashikana mikono, wakajifunga kwa nyuzi nyeupe mpaka wawe kitu kimoja, na maji yakasimama. Niliwaona kwa macho yangu wakifanya hivyo siku ya pili ya safari yangu, na nakiri kwamba machozi yalinilenga. Sijaona ujasiri wa namna ile kwetu.

Zamani, ukuta ukishapona chini ya kizibo, walikuja watu wengine walioitwa Wafumuzi. Hao walizifumua nyuzi moja moja, Waziba wakanyoosha migongo na kurudi makwao, na maji yakapita kama kwanza. Lakini ikatokea safari moja Wafumuzi wakafanya pupa, wakafumua kizibo ambacho ukuta wake ulikuwa bado mbichi, na mtaa mzima ukamwagika. Kilio cha siku hiyo ndicho kilichozaa sheria inayosomwa mashuleni mpaka leo: kizibo hakiguswi. Kikosi cha Wafumuzi kilivunjwa, na waliobaki wakapewa kazi ya kufagia kingo.

Ndiyo maana mifereji ya Umbo imejaa vizibo ambavyo kazi yao ilikwisha miaka mingi iliyopita. Kila kimoja kina jina, kina sikukuu yake, kinavishwa shada na bendera. Maji hupita pembeni kwa kujibanabana. Nilimuuliza afisa mmoja kwa nini wasiviondoe vile ambavyo ukuta wake umepona, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mgeni, na lile tundu likirudi?"

Desturi moja zaidi lazima niitaje. Kizibo kinapopewa jina, mzee wa familia inayohusika hukiwekea kiganja. Muda kiganja kiko pale, hakuna ruhusa ya kusema, wala kumshika, wala kumharakisha, hata awe nani. Kwa kawaida ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Mzee hugusa, hutoa mkono, ngoma zikaanza.

Mimi nilifikia Muundini, mkoa wa chini, nyumbani kwa Bwana Shaweji, Mkuu wa Waziba wa mkoa ule. Alikuwa mjane, mpole wa maneno, mwenye mikono mipana yenye makovu ya nyuzi. Alinipa chumba cha binti yake Raya, ambaye alikuwa akifanya kazi Pumzi. Kila tulipokula alinisimulia habari zake: jinsi alivyokuwa mbishi utotoni, jinsi alivyochaguliwa mpepeaji wa uchochoro wa mwisho kabisa, ule wenye upepo mkali. Alipomtaja alikuwa akitabasamu peke yake, na mimi nikajifanya sioni.

Kwa kuwa Muundini iko chini, maji hayapandi kurudi juu kwa nguvu ya Nyumba ya Mapigo peke yake. Kwa hiyo mkoa una Wakanyagaji, watu wa miraba minne wanaozikanyaga kingo kutwa kucha na kuyaminya maji yapande. Ndani ya mfereji kuna milango inayofunguka kwenda juu tu, ili kilichokwisha kupanda kisirudi. Nilikuwa nimesikia sifa nyingi za nyimbo za hao Wakanyagaji. Nilipofika niliwakuta wameketi vibarazani, mikono magotini, kimya.

"Wamegoma?" nikauliza.

"Hasha," akasema Bwana Shaweji. "Wameketi kwa heshima. Wasije wakakitikisa Kizibo cha Tahadhari."

Alinipeleka kukiona, na alikuwa na haki ya kujivuna, maana kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kilijaza mfereji mkuu wa kurudia karibu ukingo kwa ukingo, cheusi, kimevishwa mashada mpaka kichwani. Nikamuuliza tundu lilikuwa upande gani.

"Tundu halikuwapo," akajibu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto wa jirani. Kulikuwa na maombolezo ya gavana, Wakanyagaji wakapumzishwa, maji yakaenda polepole. Maji yanayokwenda polepole yanatia shaka. Waziba waliokuwa zamu wakaona ni afadhali wawahi kabla ya hatari, wakashikana mikono. Kizibo kikiwapo, Wakanyagaji hawawezi kukanyaga. Wasipokanyaga, maji yanazidi kusinzia, na yakizidi kusinzia Waziba wengine wanaona wajibu wao kujiunga. "Unaona kinavyokua," alisema, na sauti yake ilikuwa na mapenzi ya kweli.

Chini ya kizibo maji yaliyokosa njia yalikuwa yamefurika mitaani. Kuta zilikuwa zimevimba, zimepata joto na wekundu, na watu walikuwa wakitembea kwa kuchechemea. Bango la serikali ya mkoa lilisema Muundini imenenepa.

Wiki ya sikukuu ya kizibo, Raya alikuja. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya baba yake, na alipoingia hakuketi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukutuma habari tukakupikia?"

"Sikuja kula, Baba. Nimekuja kukuomba ukifumue kile kizibo."

Bwana Shaweji aliweka sahani chini. Raya akasema kwamba kwa miezi kadhaa makombo ya nyuzi nyeupe yalikuwa yakifika Pumzi na maji. Yalikuwa madogo madogo, lakini yalinasa katika vichochoro vyembamba. Nyuma ya uchochoro wake kulikuwa na mabibi wawili wapepeaji, majirani zake. Siku moja maji hayakuwafikia, na wakakauka wakiwa wamekaa. "Nilizifuata zile nyuzi kwa kuuliza, mkoa kwa mkoa. Zinatoka hapa. Sisi huko tunavuta pumzi na roho ziko mkononi."

Baba mtu hakukasirika. Alikuwa mtu wa utaratibu, akaitisha baraza la mkoa, na mimi nikaruhusiwa kukaa nyuma. Msemaji wa sheria alikuwa Bwana Msellem, mtu nadhifu aliyekuwa akikohoa kila mara kabla ya kusema jambo zito.

"Binti yetu," alisema baada ya kukohoa, "waliokufa kwa kuvuja tunawajua. Tuna siku yao, tuna nyimbo zao. Hebu nitajie siku ya waliokufa kwa kuziba."

"Hawana siku, Bwana Msellem," Raya akajibu. "Aliyevuja huacha dimbwi, watu wakaliona. Aliyezibiwa hukauka kimyakimya nyumbani kwake, mkasema alikuwa dhaifu."

Watu wakaguna. Mmoja akapendekeza iundwe tume, mwingine akakumbusha kwamba ipo tume ya zamani ambayo haijavunjwa, na kwa sheria ya Umbo tume nayo ni kizibo, haiguswi. Ndipo Bwana Shaweji akasema aitwe Bi Kidawa, aliyekuwa Mfumuzi wa mwisho mkoani. Akaja na ufagio wake, mama wa makamo, mwoga wa watu. Wakamuuliza kama anaweza kukiondoa kizibo kile bila madhara.

"Siwezi kuapa," alisema. "Miaka mingi sijashika uzi. Nikifumua kidogo kidogo kutokea pembeni, na hawa Wakanyagaji wakianza wachache, taratibu, nadhani kitakwisha. Nadhani. Kinaweza pia kukatika kipande."

"Anadhani," akasema Bwana Msellem, na baraza likacheka. Mama yule akainamisha uso. Alikuwa amesema kweli, na ukweli wake ulikuwa na shaka ndani, na watu wale walikuwa wamezoea kuongozwa na watu wasio na shaka.

Bwana Shaweji alibaki akimtazama binti yake. Nimelifikiria mara nyingi lile alilolifanya baadaye, na nasema bila kusita kwamba alilifanya kwa mapenzi. Alitaka kumtuliza moyo. Akatangaza kwamba siku ya sikukuu Wakanyagaji wote wa Muundini watasimama na kukanyaga kwa pamoja, kwa nguvu zao zote, mkoa mzima ukishuhudia. Kizibo kikitikisika, atakubali kifumuliwe. Kisipotikisika, maneno yaishe.

Bi Kidawa akasema, si kwa sauti kubwa, "Afadhali waendelee kukaa kuliko kuamka wote kwa mpigo." Aliyekuwa karibu naye nilikuwa mimi. Niliinua mkono, nikaambiwa kwamba mgeni huzungumza akiulizwa.

Raya hakungoja sikukuu, zamu yake ilikuwa inamngoja. Kwenye ukingo baba yake alimtengeneza ushungi kama mtu anayemvalisha mtoto wa chekechea.

"Siku hiyo usikilize," akamwambia. "Ukisikia mdundo unapanda kutoka Muundini, ujue ni baba yako anakusalimu."

"Nitasikiliza, Baba," Raya akasema. "Lakini mngeanza na wachache."

"Salamu ya wachache haifiki mbali," akasema Bwana Shaweji, akacheka, na Raya naye akacheka kwa ajili yake.

Siku ya sikukuu ilikuwa nzuri, na hilo nalo linaniuma. Wakanyagaji walisimama, wengine wakiwa na ganzi ya kukaa muda mrefu, wakaanza wote kwa pamoja. Ardhi ilitetema. Maji yaliyokuwa yamelala yakaamka kwa ghadhabu. Kizibo hakikutikisika, au tuseme shina lake halikutikisika. Watu walishangilia, Bwana Msellem akainua mikono juu. Kisha nikaona kwamba sehemu ya juu ya kizibo, kipande kikubwa kama nyumba, ilikuwa ikienda zake.

Ilienda na mashada yake, na bendera zake. Ikafika mlango wa kwanza, na mlango ukafunguka kwenda juu kama ulivyoundwa, ukajifunga nyuma yake. Ukafunguka wa pili. Watu kingoni walikuwa wakipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maandamano. Bwana Shaweji peke yake hakupiga makofi. Niliona midomo yake ikienda, na nilijua anasema jina gani.

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Bi Kidawa aliyeacha ufagio wake kingoni. Tulipofika Nyumba ya Mapigo kipande kilikuwa kimekwisha kupita. Kilikuwa kimenasa mbele, kwenye njia panda ya Pumzi, pale mfereji unapogawanyika mara mbili, kimekaa juu ya panda yenyewe, bendera moja bado inapepea upande wa upepo.

Mkuu wa wasukumaji, Bwana Songoro, alikuwa ametota jasho. "Chumba cha mkono wa kulia, kinachosukuma maji kwenda Pumzi, kimefura," alisema. "Tunasukuma ukuta. Na chumba cha kushoto hakipati kitu cha kusukuma." Ule mdundo ambao nilikuwa nimeusahau sasa niliusikia: wa haraka haraka, mwembamba, usio na uzito.

Kutoka Utosi ilikuja amri ya kwanza: ongezeni kasi. Wakaongeza, na maji hayakuongezeka. Ikaja ya pili: fungeni malango ya pembezoni, maji yaliyopo yalindwe kwa ajili ya mikoa yenye umuhimu. Yakafungwa malango ya vidole, yakafungwa ya ngozi, Muundini ikafungwa, na baada yake Tumboni, ambako watu walilalamika kidogo kisha hawakulalamika tena. Kuta za nje za nchi ziligeuka rangi ya majivu na kutoka jasho la baridi. Utosi ukatoa tangazo kwamba hali ni shwari. Kwao ilikuwa shwari kweli, maana maji yote yaliyobaki yalikuwa yakienda kwao.

Bwana Shaweji alipiga magoti mbele ya mjumbe wa Baraza, akaomba ruhusa Bi Kidawa afumue. Mjumbe akauliza yeye mwenyewe ana cheo gani.

"Mkuu wa Waziba, Muundini."

"Basi wewe unaijua sheria kuliko mimi, Mheshimiwa."

Akajibu, "Naijua. Mwanangu yuko nyuma ya kile."

Mjumbe alisikitika naye kwa dhati, akasema atalifikisha. Ruhusa haikuja mpaka Utosi wenyewe ulipopata kizunguzungu. Tangazo lao la tatu lilikatika katikati ya sentensi, na baada ya kimya likaja neno moja tu, fumueni.

Bi Kidawa alianza kufumua kutokea pembeni. Angekuwa na wenzake wa zamani mia, ingekuwa kazi fupi. Alikuwa peke yake, na Bwana Shaweji kando yake akijaribu kuiga vidole vyake, akikosea, akirudia. Panda ya kulia ilifunguka kwanza. Maji yakapenya, Pumzi ikavuta, na nyuma yetu mdundo ukapata uzito tena. Wasukumaji walikumbatiana. Panda ya kushoto ilichelewa, na uchochoro wa mwisho ulikuwa kushoto.

Tulimkuta Raya mahali pake pa kazi, ameegemea ukuta, upepeo bado mkononi. Upepo ulikuwa tele mle ndani, ukimpeperusha ushungi. Kilichokosekana ni maji tu. Bwana Shaweji alikaa chini kando yake, akamtengeneza ushungi, upepo ukauvuruga, akautengeneza tena. Mimi nilitoka nje, sikuweza kutazama.

Nchi ilipona. Malango yakafunguliwa, rangi ikarudi kwenye kuta, Utosi ukajipongeza kwa uongozi thabiti. Uchunguzi ulifanyika, ukaona kwamba chanzo cha maafa ni kizibo kutofungwa nyuzi za kutosha. Ikaagizwa shina lililobaki Muundini liimarishwe. Na kwa kumuenzi mtumishi aliyekufa kazini, ikaamuliwa kwamba kizibo hicho kibadilishwe jina, kiitwe Kizibo cha Raya.

Siku ya kukipa jina nilikuwapo. Bwana Msellem alikuwapo pia, na nitamtendea haki: macho yake yalikuwa mekundu. Waziba wapya walikuwa wamejipanga na nyuzi zao mabegani, wakingoja. Akaitwa mzee wa familia. Bwana Shaweji akasogea mbele, akaweka kiganja chake kipana juu ya kizibo, na watu wote wakanyamaza, kama desturi inavyotaka.

Tulingoja autoe mkono. Hakuutoa. Tukaona vidole vyake vinakunjuka, vinatafuta kitu pembeni, vinakipata. Uzi mmoja mweupe ukatoka, ukaanguka majini. Baadaye ukatoka mwingine. Bwana Msellem alikohoa, akafungua mdomo, akaufunga. Muda kiganja kiko pale hakuna anayeruhusiwa kusema, na muda wenyewe sheria haikuutaja, kwa kuwa haikupata kumpitikia mtu kwamba baba anaweza kuwa na mengi ya kugusa. Mziba mmoja, mwenye kushikwa mikono kwa nyuzi tangu maombolezo ya gavana, alifunguliwa, akanyoosha mgongo, akatazama huku na huku, akaenda zake nyumbani.

Ngoma hazikupigwa. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakichoka kungoja. Siku nilipofunga mizigo yangu alikuwa bado pale, Bi Kidawa amemkalia karibu akimwonyesha kwa ishara uzi upi ufuate, na kwenye ukingo Wakanyagaji walikuwa wamesimama, wachache tu, wakikanyaga taratibu bila wimbo. Niliusikia mdundo wao miguuni mwangu nilipokuwa nikiondoka. Ulikuwa unapanda mlango kwa mlango kuelekea Pumzi, polepole, kama alivyoomba Raya uanze, na huko juu hapakuwa tena na wa kuisikiliza salamu ya baba yake.